Mwezi, Meli na Kipanya

Wazo la kwenda Kunduchi lilitoka Dubai. Mjomba wetu alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wakifuata mzigo huko, viatu na simu na mapazia, na kila akirudi masimulizi yalikuwa mengi kuliko zawadi. Mwaka 2006, wiki chache kabla ya Ramadhani, alikuja na habari za Wild Wadi, bustani ya michezo ya maji iliyofunguliwa kule mwaka 1999. Watu wanapanda ngazi mpaka juu ya mnara, alisema, wanakaa kwenye mfereji, maji yanawasukuma, wanateremka mbio mpaka bwawani. Na wanalipa fedha kwa ajili hiyo. Tulipombana kwa maswali ilibainika kwamba yote hayo aliyaona kwa nje, akiwa ndani ya teksi.

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata uso. "Makubwa hayo? Si yapo Kunduchi hapo?"

Yalikuwapo kweli. Wet 'n' Wild ilikuwa ufukweni Kunduchi, pembeni ya hoteli ya Kunduchi Beach, kaskazini mwa jiji, zaidi ya kilomita 20 kutoka kwetu. Sisi sikukuu yetu ilikuwa na njia yake ya siku zote: swala, pilau, nguo mpya, kuzunguka kwa ndugu kukusanya hela ya Idd, kisha Mnazi Mmoja kwenye bembea mpaka vumbi lifike magotini. Mnazi Mmoja haikutaka mpango, unavuka barabara tu. Kunduchi ilitaka mpango, na mpango ule ninaukumbuka vizuri kuliko hata maji yenyewe.

Tulikaa Mtaa wa Mchikichi, katika moja ya nyumba za Kiswahili zilizokuwa zimebanwa na maghorofa kila upande. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma ua wenye jiko, bomba na choo. Vyumba vinne vilikuwa vyetu, viwili vya wapangaji. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na kiti chake kilikuwa mlango wa uani, mahali ambapo hapiti mtu bila kuulizwa anakwenda wapi.

Tatizo la kwanza lilikuwa siku. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Mwajiri wake, mamlaka ya bandari, alikuwa amebadilishwa jina mwaka uliotangulia, kutoka THA kuwa TPA, ila yeye aliendelea kusema anakwenda "THA" kana kwamba hakuna kilichotokea. Makontena ya gati namba 8 hadi 11 yalikuwa mikononi mwa kampuni ya TICTS tangu mwaka 2000. Baba alibaki upande wa mizigo ya kawaida: ngano, mbolea, vyuma, magari. Na meli ya mizigo haijui sikukuu. Ikikaa gatini bila kushushwa inamla fedha mwenyewe, kwa hiyo shifti zinaifuata meli, hazifuati kalenda. Meli inaweza kukaa nje ya lango la bandari siku nyingi ikisubiri nafasi, halafu ikaitwa ndani usiku ule ule uliopanga kulala mapema. Ukimwuliza Baba mwezi wa nane kama atakuwa na nafasi mwezi wa kumi, alikuwa anacheka tu.

Kisha kulikuwa na mwezi wa angani. Idd ingeangukia mwishoni mwa Oktoba, hilo kila mtu alilijua, lakini tarehe hasa ilingoja mwandamo. Bibi alikuwa mtu wa tangazo la Mufti kupitia redio, basi. Mjomba, kwa sababu ya safari zake za Ghuba, alikuwa upande wa wanaosema mwezi ukionekana Makka umeonekana kwa wote, hivyo kuna miaka ambayo yeye alikula pilau huku Bibi bado amefunga. Tulikubaliana kwamba safari iwe Idd Pili, maana Idd Mosi ni ya swala na kuamkiana. Lakini Idd Pili ya nani?

Mabishano yalipopamba moto, Bibi aliyakata. "Siku ni ya mwezi na ya meli," alisema. "Sisi tupange watu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa siku haikuwa mikononi mwetu, kila kitu kingine kilipangwa mpaka kikanyooka, tukianzia na watu.

Gari tulilolimudu lilikuwa kipanya, Hiace ya kawaida ya daladala. Siku za kazi kipanya kilikuwa kinabeba wangapi, anayejua ni konda peke yake. Bibi akaweka sheria: watu 16, kila mmoja kiti chake, hakuna kusimama wala kupakatana isipokuwa mtoto wa kunyonya. Jioni moja ya Ramadhani, baada ya futari, Baba alitoa karatasi ya kazini iliyokwisha kutumika upande mmoja, akaigeuza, akanipa kalamu. Nilikuwa darasa la saba, mwandiko wangu ulisomeka. Yeye akitaja jina, mimi naandika, naye anaweka alama pembeni kwa namna wanavyohesabu magunia: mistari minne iliyosimama, wa tano unaikata kwa mshazari. Mafungu manne yaliyokatwa yalikuwa yamejaa, na bado alibaki na majina mdomoni.

Hapo ndipo nyumba ilipojieleza. Binamu wa Temeke wanaokuja kila Idd, ni wa kwetu au wana kwao? Dada wa kazi, aliyekuwa na Mama tangu sijaanza shule, anakwenda au analinda nyumba? Mke mdogo wa Mjomba? Mama alitaja hoja zake kwa sauti ya chini, Shangazi kwa sauti ya juu, na mtu akaropoka kwamba wapangaji waachwe, wao si familia. Mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa mama wa Kichaga mwenye watoto wawili, anauza vyombo vya plastiki Mtaa wa Kongo. Si Mwislamu, lakini mwezi mzima watoto wake walikuwa wanafuturu nasi, mmoja wao akijigamba kwamba amefunga mpaka adhuhuri.

Bibi aliuliza swali moja: "Watoto wanaokula nanyi sinia moja mwezi mzima, siku ya Idd mtawaambia nini?"

Hakuna aliyejibu. Majina yao na la mama yao yakabaki, dada wa kazi akaandikwa, na fungu la ziada likageuziwa mwenye wazo. Mjomba alikuwa na Corolla. Akaambiwa asikae kwenye kipanya kabisa, aje na gari lake, na apakie watu wa Temeke. Alilalamika kuhusu petroli, lakini ni yeye aliyetuletea Dubai nyumbani.

Fedha zilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kibubu, kisanduku cha mbao kilichopigwa misumari kila upande na kuachwa tundu la sarafu juu, kikakaa juu ya kabati la Bibi. Kila mtu alitia alichonacho, hata sisi watoto tulitia mabaki ya hela ya andazi. Ya pili ilikuwa mchezo wa Mama. Alikuwa katika upatu wa wanawake wa mtaani, na zamu yake ya kupokea ilikuwa baada ya sikukuu. Alimwendea mwenzake mwenye zamu ya Ramadhani, wakaongea muda mrefu kizingitini, akarudi wamebadilishana. Sikujua alimwahidi nini. Ninachokumbuka ni noti nyekundu za elfu kumi, wekundu wa Msimbazi kama zilivyokuwa zikiitwa, zikihesabiwa juu ya mkeka na kufungwa kwenye pindo la kanga.

Kumpata dereva kulikuwa rahisi, kuelewana naye ndiko kulikokuwa na kazi. Alikuwa jirani yetu, anaendesha kipanya cha Kariakoo–Mwenge, na gari halikuwa lake. Dereva wa daladala jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, fedha iliyokwisha kupangwa, iwe abiria wamepatikana au hawakupatikana. Kwa hiyo anayekodi gari analipa kwanza hesabu ya tajiri, kisha mafuta, kisha dereva na konda, na siku ya sikukuu, jiji zima likiwa barabarani, dereva anajua angepata zaidi ya hesabu. Baba alikwenda naye taratibu mpaka wakafika bei.

"Haya, tarehe ngapi?" dereva akauliza.

"Idd Pili."

"Ndiyo, tarehe?"

"Mwezi ukionekana."

Dereva alicheka, maana naye alikuwa amefunga kwa mwezi huo huo. Wakakubaliana malipo ya awali, na kwamba usiku wa tangazo tutambip mara mbili. Akishaona miito miwili, keshokutwa yake saa mbili asubuhi awe mlangoni.

Tulidhani tumemaliza, Bibi akaibua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la Mtera, umeme ukawa unakatwa tangu asubuhi mpaka usiku, na mkataba wa dharura wa Richmond uliotiwa sahihi mwaka huo kwa ajili ya kuleta mitambo ndio uliokuja kumwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani mwezi Februari 2008. Bibi hakuwa anaongelea siasa. "Hayo maji," aliuliza, "yanapandaje huko juu kama umeme hakuna?" Tukatazamana. Tungefika, tulipe kiingilio, tukute mifereji mikavu? Baba alisema sehemu kama ile lazima ina jenereta. Bibi akataka uhakika. Shangazi alikwenda dukani kwa jirani mwenye simu ya mezani, akapiga, akauliza, akarudi na jibu kwamba maji yapo, njooni.

Nguo nazo zilikuwa na kikao chake. Wavulana tulipelekwa Karume kwenye mitumba, tukachakura marundo mpaka tukapata bukta za kuogelea za watu wa nchi za mbali, moja imeandikwa jina la shule, nyingine imechorwa papa. Wasichana walinunuliwa taiti nyeusi na fulana ndefu. Baba wa mtoto mwenzetu aliyekuwa fundi Gerezani alitutengea mpira wa ndani wa tairi la lori, umezibwa kiraka, na sisi tukaujaza pumzi uani kuhakikisha hauvuji. Ulichukua nusu ya ua.

Chakula kilimhusu Mama. Hatukujua kama masufuria yangepokelewa getini, na kununua chakula cha hotelini kwa watu zaidi ya 20 haikuwa habari ya kuzungumzwa. Mama akaamua tule kabla ya kuingia, ufukweni. Siku mbili kabla ya Idd nilimsindikiza sokoni. Soko la Kariakoo lilikuwa bado lile lile alilolichora Beda Amuli na ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975, lenye miavuli mikubwa ya zege juu, na chini yake Shimoni, ambako hewa ilinuka vitunguu na magunia mabichi. Mama alinunua mchele wa Kyela, akautafuna punje moja moja kwa wachuuzi watatu kabla ya kutoa fedha. Bizari nzima, karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, kila kimoja kwenye kipande chake cha gazeti. Kwa muuza nazi alizitikisa zote sikioni. Jirani zake walikuwa wanaandaa pilau ya kuliwa mlangoni kwao. Yake ilikuwa ya kusafiri, kwa hiyo alipunguza maji na kuongeza moto wa juu, isije ikageuka ubwabwa njiani.

Usiku wa mwandamo redio zote za mtaa zilikuwa wazi. Tangazo la Mufti, Sheikh Issa Shaaban Simba, lilipotoka, sauti zilipasuka kutoka kila ua, mtu akaanza takbira, nasi tukambip dereva mara mbili. Alitubip mara mbili naye. Kibubu kilivunjwa usiku huo kwa nyundo ya kuazima, sarafu zikamwagika mkekani, Baba akazipanga kwa mafungu na kuniita niandike.

Idd Mosi alasiri, nyumba imejaa wageni na sinia la tambi linazunguka, simu ya Baba iliita. Alisikiliza, akasema "sawa" mara tatu. Meli ilikuwa imepewa gati. Shifti ya usiku, mpaka asubuhi.

Mama alishika kiuno. Wengine walianza kusema tuahirishe, lakini kuahirisha maana yake ni kumlipa tajiri mara mbili. Baba alivaa buti zake za kazi, akanikabidhi ile karatasi. "Kila mkishuka hesabu, kila mkipanda hesabu," alisema. "Msinisubiri." Nilimtazama Bibi nikidhani atapinga. Hakupinga. Alisema tu, "Jina lako lipo," na Baba akatoka.

Asubuhi saa mbili kipanya kilikuwa mlangoni. Niliita majina, nikaweka alama. Watu 15 walikaa, na kiti kimoja cha dirishani kikabaki na mfuko wa vitunguu. Tulipita Fire, Jangwani, Magomeni, tukashika barabara ya Kawawa hadi Morocco, tukaingia barabara ya Bagamoyo. Barabara hiyo toka Mwenge kwenda Tegeta ilikuwa bado nyembamba, haijapanuliwa, na siku ya Idd ilikuwa imejaa. Mwenge abiria walikuwa wamefurika kituoni. Konda, kwa mazoea, akatoa kichwa nje na kupiga bati: kuna nafasi moja, Tegeta, nafasi moja. Mtu mmoja tayari alikuwa ameshika mlango.

"Kiti hicho kina mwenyewe," Bibi alisema kutoka nyuma.

Konda alitazama vitunguu, akamtazama Bibi, akafunga mlango.

Lugalo, Tangi Bovu, Makonde, Africana, kisha Mtongani, tulipokata kuelekea baharini. Sharti la Bibi la kuja lilikuwa tupitie kwanza magofu ya Kunduchi. Tulimkuta Mjomba na watu wa Temeke wakitusubiri pale. Kuna msikiti wa kale umebaki kuta, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Kwenye nguzo hizo zamani watu walipachika bakuli za Kichina, na Bibi alitunyoshea kidole tuone vishimo vya mviringo vilivyokaa wazi. Alisoma dua, sisi tukaitikia amina kwa haraka ya watu wanaosikia bahari. Kisha pilau chini ya mivinje, kachumbari ikakatwa hapo hapo, ile pilau imetulia, kila punje peke yake. Mama alikula akiwa amesimama, akituangalia sahani.

Ndani ya geti, maji yalikuwa yanapanda kama Shangazi alivyoahidiwa. Mnara ulioonekana mfupi toka chini ulikuwa mrefu tulipofika juu. Wavulana tuliokuwa tukijigamba mwezi mzima tulianza kupishana kwa adabu: tangulia wewe, hapana, wewe. Aliyetangulia ni mama wa chumba cha tatu. Alifunga kanga yake vizuri juu ya taiti, akakaa, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka akipiga kelele ambayo Bibi aliisikia toka kwenye bwawa la watoto, alikokuwa amekaa ukingoni na miguu yake ndani ya maji. Baada ya hapo hakuna aliyebembelezwa tena. Mpira wa lori tuliambiwa uachwe nje, ukamngojea dereva, ambaye aliulalia usingizi mpaka jioni.

Adhuhuri imekwisha kupita, Baba alitokea. Alikuwa ametoka kazini, akapanda daladala mpaka Mtongani na kumalizia kwa miguu, vumbi la shehena bado limeganda kwenye mikunjo ya buti. Alikula pilau iliyowekwa akiba, akauliza kama hesabu imetimia. Nikamwonyesha karatasi. Aliisoma yote, akachukua kalamu, akakata mstari wa mwisho kwa mkono wake. Alilala chini ya mvinje, kisha akaamka na kuteremka mfereji mara moja, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipiwa.

Wakati wa kurudi mfuko wa vitunguu ulikuwa mtupu, na kiti cha dirishani kikapata mwenyewe.

Nyumba ile haipo tena. Bibi alipofariki iliuzwa, sasa ni ghorofa la maduka, na sisi tumetawanyika: Kigamboni, Chanika, Tabata, mmoja Muscat. Safari za familia bado zipo, na sasa zinapangwa kwenye kundi la WhatsApp. Zinaanza kwa tarehe. Mtu anaandika Jumamosi fulani, anauliza nani yupo, na anayesema nina zamu anapewa pole yenye picha ya uso unaolia. Mpango unakwenda haraka sana kwa namna hiyo. Nimeona pia kwamba wanaoachwa ni wale wale kila mwaka: wa hospitali, wa ulinzi, wa bandarini, wanaoendesha mabasi. Watu ambao siku zao zinapangwa na wengine.

Mwaka huu nimebisha. Nimewaandikia kwamba tuanze na majina, kisha magari, kisha fedha, tarehe itafuata. Nimeitwa mzee wa kanuni. Lakini orodha ipo, imetimia, na gari limekodiwa kwa hesabu ya wote. Mdogo wangu ni muuguzi na huenda usiku wa kuamkia safari akawa na zamu. Kiti chake kimelipiwa, na kama hatapanda nasi asubuhi, atatukuta huko mchana.